Liegeshe, Ushuke: Ouray kwa Wastaafu Wenye Gari-Nyumba

Wastaafu wenye magari-nyumba wakikutana jioni, viti vimevutwa nje na kahawa imeshamiminwa, haupiti muda wameanza kutambiana. Huyu katoka Yellowstone juzi, keshokutwa atakuwa Utah, Jumapili yuko Arizona kwa mwanawe. Yule kabandika ramani ya majimbo ya Marekani mlangoni, kila jimbo alilofika kalipaka rangi, na sasa yamebaki machache ya kuhesabika. Mimi na mzee wangu, yaani mume wangu, tunasikiliza na kutikisa vichwa. Tukiulizwa tumetokea wapi, tunasema tupo hapa hapa Ouray. Na tunaelekea wapi? Bado tupo.

Ouray ni mji mdogo wa Colorado, kusini-magharibi mwa jimbo, uliojibanza katika milima ya San Juan kwenye mwinuko wa mita 2,375. Wakazi wake hawafiki elfu moja. Unaingia kutoka kaskazini kwa barabara kuu namba 550 ukiufuata mto Uncompahgre, bonde linazidi kuwa jembamba, halafu ghafla unaona kama barabara imekwisha: mbele, kushoto na kulia ni kuta za mawe, nyekundu chini, kijivu juu, na huko juu kabisa mabaka ya theluji hata mwezi wa saba. Barabara kuu ndiyo hiyo hiyo mtaa mkuu wa mji. Mitaa ya pembeni mingi ni ya changarawe. Watu wa utalii wanapaita Uswisi ya Marekani, ingawa sijawahi kufika mahali penye milima mirefu na hoteli ambako hawajapaita Uswisi ya mahali fulani.

Hoja yangu ni moja, na wenzangu wa kwenye viti vya nje hawaipendi. Gari-nyumba, ile wanayoiita RV, linafaa kwa kukaa milimani kuliko kwa kuitembelea milima. Ukishalifikisha, liegeshe, liwekee kabari, ushuke, na usilipige ufunguo tena mpaka siku ya kuondoka. Kila kitu kizuri kilicho karibu na Ouray kiko kwenye njia ambayo gari kubwa haliwezi kupita, au linaweza kupita lakini dereva wake hataona chochote isipokuwa mstari wa njano.

Letu ni la daraja C, lile lenye kichwa cha gari la kawaida la mizigo na kitanda kilichoning'inia juu ya dereva. Si kubwa kama yale mabasi ya daraja A, ila ni kubwa vya kutosha kukutoa jasho. Nyuma tunakokota kigari kidogo. Siku ya kupanda kuelekea Ouray, injini huanza kulalamika mapema. Injini ya petroli isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi na oksijeni ya kuchomea mafuta imepungua. Maana yake ukifika Ouray umeshapoteza karibu robo ya nguvu, na ukiendelea hadi kilele cha Red Mountain Pass, mita 3,358, imeondoka theluthi nzima. Mzee hukaa upande wa kulia, taa za tahadhari zinawaka, malori yanatupita. Mimi namwambia, "Baba, hatuna miadi." Ananijibu kwamba si yeye anayechelewa, ni gari.

Kuliegesha nako kuna ibada yake. Kwanza pimamaji inawekwa sakafuni, mara mbili, moja ya urefu na moja ya upana. Halafu mbao chini ya tairi upande uliozama, mzee anasogea mbele kidogo, nyuma kidogo, mimi nimesimama nje nikipunga mkono, naye ananitazama kwenye kioo. Watu hudhani tunasawazisha ili tulale vizuri. Hilo lipo, lakini anayedai zaidi ni jokofu. Jokofu la aina yetu, linalotumia gesi au umeme, halina kompresa. Lina mchanganyiko wa amonia na maji unaochemshwa na kuzunguka mabombani kwa kushuka wenyewe. Ukiliinamisha, kile kimiminika kinatuama mahali, mzunguko unakwama, na ukiendelea hivyo kwa muda mrefu unaliharibu moja kwa moja. Kisha zinafuata kabari za magurudumu, waya wa umeme, mpira wa maji, na mwisho kabisa ule mpira mwingine.

Huo mwingine ni wa mzee, na hilo tulikubaliana zamani. Gari lina matenki mawili ya maji machafu: la choo, na la sinki na bafu. Kanuni ya tenki la choo ni kwamba vali yake haiachwi wazi hata kama umeunganishwa na bomba la kambi siku zote. Ukiiacha wazi, maji yanatoka na yasiyo maji yanabaki, yanakauka, yanajenga kilima, na kilima hicho hakitoki kwa dawa wala kwa maombi. Unasubiri tenki likaribie kujaa, unavaa glavu, unafungua la choo kwanza, likiisha unafungua la sinki ili maji ya sabuni yasafishe mpira. Tumewahi kumtazama jirani akifanya kinyume, asubuhi, mbele ya watu wenye vikombe vya chai. Hatukusema kitu. Baadaye mzee alimpelekea glavu.

Jikoni nako mwinuko unajitokeza. Ouray maji huchemka kwenye nyuzijoto kama 92, si 100, na maharage hayaangalii povu, yanaangalia joto. Unaweza kuyachemsha tangu saa nne asubuhi na saa kumi yakawa bado yanakutazama kwa macho makavu. Sufuria ya presha si anasa hapa. Chai pia haikolei vizuri, na hilo limekuwa chanzo cha manung'uniko ambayo sitayaeleza.

Kuhusu malazi, nieleze jambo ambalo wageni wengi hulichanganya. Serikali ya Marekani ina kadi ya wazee kwa ajili ya hifadhi za taifa. Ukiwa na miaka 62 na kuendelea, na ni raia au mkazi wa kudumu, unalipa dola 80 mara moja, basi, ni ya maisha. (Hadi Agosti 2017 ilikuwa dola 10, na walioinunua wakati huo hawaachi kukukumbusha.) Kadi hiyo inakuingiza kwenye hifadhi za taifa, na katika kambi nyingi za serikali kuu inakupunguzia nusu ya ada ya kulala. Haifanyi kazi kwenye hifadhi za jimbo, kama Ridgway iliyoko kaskazini mwa Ouray, wala kwenye kambi za watu binafsi mjini. Nimeshuhudia mzee mwenzetu akiipiga piga kadi kwenye dirisha la karani wa Ridgway kana kwamba itabadilika jina. Ridgway kwenyewe ni pazuri, kuna bwawa, na kuna sehemu yenye umeme, maji na bomba la maji machafu. Kwenye misitu ya taifa unaweza kukaa bila huduma yoyote, mara nyingi kwa kikomo cha siku 14, kama una maji na betri za kutosha na roho ya kuoga kwa kikombe. Sisi tulikwishaoga kwa kikombe vya kutosha maishani. Tunalipa kambi yenye umeme, kando ya mto.

Baada ya hapo, ufunguo wa gari kubwa unatundikwa.

Kinachowavuta wengi Ouray ni kile kipande cha barabara ya 550 kinachoendelea kusini hadi Silverton, kama kilomita 40, kinachoitwa Million Dollar Highway. Ni barabara halali ya lami, malori hupita, na magari-nyumba hupita pia. Ndiyo maana kila jioni lazima atokee mtu wa kusema, "Mimi nimepita nalo, hakuna shida." Sawa. Lakini muulize aliona nini.

Sisi tulipita kwa kigari. Kutoka Ouray kwenda kusini unakuwa upande wa nje, upande wa korongo la Uncompahgre, kwa kuwa Marekani wanaendesha kulia. Aliyekaa kiti cha abiria ndiye anayening'inia. Mimi ndiye niliyekaa kiti cha abiria. Dirishani kwangu palikuwa na mstari mweupe, na kwingine mstari wenyewe ulikuwa umemegwa na ukingo. Baada ya mstari, majani mafupi kama upana wa kiganja. Baada ya majani, hewa. Chini, mbali, maji yalikuwa yakipita kwenye mawe bila sauti ya kutufikia. Hakuna uzio wa chuma. Kona moja ilikuja, mzee akawa anatazama kulia kwenye maporomoko ya maji.

"Baba, tazama barabara."

"Naitazama."

"Hiyo siyo barabara, hiyo ni hewa."

Uzio haupo kwenye sehemu nyingi kwa sababu ya theluji. Majira ya baridi magari ya kusukuma theluji lazima yaitupe mahali, na mahali pekee ni korongoni. Ukiweka uzio, theluji inarundikana barabarani. Mlima juu ya barabara una njia nyingi za maporomoko ya theluji, na sehemu moja wamejenga paa la zege ili poromoko lipite juu ya magari. Karibu na barabara kuna ukumbusho wa madereva wa magari ya kusukuma theluji waliokufa wakiisafisha njia hiyo. Tulisimama pale. Kwa dereva wa gari-nyumba kusimama ni mtihani: hakuna nafasi, na nyuma kuna msururu wa watu wenye haraka.

Aliyeipasua njia ya kwanza kwenye korongo hili ni Otto Mears, yatima aliyezaliwa katika milki ya Urusi na kuletwa Marekani akiwa mtoto. Miaka ya 1880 alijenga barabara ya kulipia kutoka Ouray kwenda kwenye machimbo ya Red Mountain, akaweka lango la ushuru kwenye maporomoko ya Bear Creek, mahali ambapo upande mmoja ni genge na upande mwingine ni korongo. Nani angekwepa kulipa? Mzee wangu, aliyefanya kazi ya hesabu maisha yake yote, alilistaajabia lango hilo kuliko maporomoko yenyewe.

Ukipita juu unaiona milima mwenyewe: Red Mountain haikupewa jina hilo kwa ushairi. Madini ya chuma yameoza kwa hewa na maji na kuipaka rangi ya kutu mlima mzima, na kijito kinachoshuka kutoka huko nacho kina rangi ya chungwa. Chini ya vilele vimebaki vibanda vya mbao vya wachimbaji, vimeinama, na marundo ya mawe yaliyotolewa tumboni mwa mlima. Madini ya fedha ndiyo yaliyowaleta watu huku. Mwaka 1893 serikali ilipoacha kununua fedha kwa wingi, bei ikaanguka na miji mizima ikabaki mitupu. Ouray iliponea kwa dhahabu. Mwaka 1896 Thomas Walsh, mhamiaji kutoka Ireland, alipekua machimbo yaliyotelekezwa juu ya mji na kukuta dhahabu kwenye mawe ambayo wenzake waliyatupa wakitafuta fedha. Mgodi wake, Camp Bird, aliuuza mwaka 1902 kwa zaidi ya dola milioni tano. Binti yake, Evalyn, mwaka 1911 akanunua almasi ya Hope, ile ya buluu iliyopo leo kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian kule Washington. Nimewahi kuiona ndani ya kioo chake miaka mingi kabla sijaisikia Ouray. Sikujua naangalia utajiri wa mlima huu.

Silverton, upande wa pili, uko juu zaidi, kama mita 2,840, na unafikiwa pia kwa garimoshi la mvuke kutoka Durango kwenye reli nyembamba iliyofika mwaka 1882. Mchana garimoshi likiingia, mji unajaa. Likiondoka, mji unapumua. Tulikula, tukatembea mtaa mmoja, tukarudi. Kurudi ni raha zaidi kwa abiria, maana unakuwa upande wa mlima. Kwa dereva ni kazi ile ile: gia ya chini tangu juu, injini ndiyo ishike gari, breki ziguswe kidogo kidogo. Anayekanyaga breki mfululizo kwenye mteremko mrefu huzipasha moto hadi zinaacha kushika, na gari likiwa la tani tano au sita hilo ni jambo jingine kabisa. Njiani tulinusa breki za mtu. Harufu hiyo ukishaijua huisahau.

Sasa nizungumzie jina la mji, kwa sababu watalii wengi hudhani ni neno la Kifaransa. Ouray alikuwa mtu. Alikuwa kiongozi wa Waute, wenyeji wa asili wa bonde hili, aliyejua Kihispania tangu utotoni na Kiingereza baadaye, na ambaye serikali ya Marekani ilimchagua kuwa msemaji wa Waute wote iwe walimtaka au la. Mwaka 1873 yeye na wenzake walitia saini mkataba wa kuiachia serikali eneo la machimbo la San Juan, ekari karibu milioni nne. Aliamini, au alitumaini, kwamba wakitoa milima watabakiziwa mabonde. Mji ulipoanzishwa miaka miwili mitatu baadaye, wachimbaji wakaupa jina lake. Mwaka 1879 kukatokea mapigano na mauaji huko kaskazini kwenye kituo cha White River, na magazeti ya Colorado yakapata kisingizio cha kudai Waute waondolewe, ambacho yalikuwa yakikitafuta. Ouray akasafiri hadi Washington akiwa mgonjwa wa figo kuwatetea watu wake, akafariki Agosti 1880. Mwaka uliofuata wanajeshi waliwatoa Waute wa bonde hili na kuwapeleka Utah. Mke wake, Chipeta, akaenda nao.

Makumbusho ya Waute yako Montrose, mwendo wa kama saa moja kaskazini mwa Ouray, kwenye ardhi iliyokuwa sehemu ya shamba la Ouray na Chipeta. Ukiwa na siku moja tu ya kutembea eneo hili, mimi ningekuambia uende huko kabla ya kwenda Silverton, na najua wengi hawatanisikiliza. Chipeta aliishi Utah hadi alipofariki mwaka 1924. Mabaki yake yaliletwa mwaka uliofuata na kuzikwa hapo Montrose, kwenye shamba alilofukuzwa. Mumewe alizikwa kusini, Ignacio. Mji unaobeba jina la mume, ukiutembea mtaa mkuu wote, utaona jina hilo kwenye fulana na vikombe, na watu wanalitamka "Yurei" bila kufikiri. Mzee alinunua kitabu cha historia badala ya fulana. Nami nilinunua fulana, sikatai, ilikuwa baridi.

Nje ya mji, upande wa Montrose, kuna hifadhi ya taifa ya Black Canyon of the Gunnison, korongo jeusi ambalo ukuta wake mmoja unapanda mita 685, mrefu kuliko ukuta mwingine wowote wa mwamba Colorado. Huko nako hoja yangu ilipata shahidi: barabara ya kushuka hadi mtoni, East Portal, ina mteremko wa asilimia 16, na magari yenye urefu unaozidi futi 22 yamepigwa marufuku kabisa. Kigari chetu kilishuka. Jirani yetu mwenye basi la daraja A, asiyekokota kitu, aliliona korongo kwa juu tu.

Njia za Yankee Boy, lile bonde la maua juu ya Camp Bird, hata kigari hakifai. Zinahitaji gari la kuendesha magurudumu yote manne, na mjini wanayakodisha. Julai hadi Agosti maua ya kolumbaini, ya buluu na meupe, ambayo ni ua rasmi la Colorado, yanafunika miteremko chini ya mlima Sneffels. Mkienda, nendeni asubuhi na mapema. Kipindi hicho mawingu hujikusanya kila mchana, na radi ikikukuta juu ya mstari wa miti, kule miti isikoota tena, wewe ndiye mti. Saa sita tuwe tumeshaanza kushuka, hiyo ni sheria ya mzee, na mara moja tuliivunja kwa nusu saa tukarudi tumelowa hadi soksi.

Vingine vyote tunavifikia kwa miguu, na hapo ndipo Ouray inapowazidi wenzake. Kuna njia inayouzunguka mji mzima pembeni mwa milima, kama kilomita 10, na unaweza kuingia na kutoka popote magoti yakigoma. Kuna maporomoko ya Box Cañon, ndani ya mpasuko wa mwamba mwembamba kiasi kwamba maji yanayoanguka mita 87 hayaonekani yote, yanasikika tu. Unatembea kwenye daraja la chuma lililofungwa ukutani, sauti inaingia kifuani, maneno hayasikiki. Tulikuwa tumekwenda kutazama maji. Tulipofika, bibi mmoja wa kujitolea, mwenye darubini shingoni, akamwonyesha mzee ukingo wenye ukungu wa maji, na ndani ya ukingo kifaranga kimoja, cheusi, kimetulia.

Ni teleka weusi, ndege wanaofanana na mbayuwayu, ambao hutaga yai moja tu, nyuma au pembeni ya maporomoko ya maji, mahali ambapo adui hawezi kufika. Mzazi huondoka alfajiri kuwinda wadudu angani juu sana na hurudi jioni. Kwa zaidi ya miaka mia moja wanasayansi hawakujua wanakwenda wapi majira ya baridi. Mwaka 2012 ndipo ilipojulikana, baada ya kuwafunga ndege wa Colorado vifaa vidogo vya kurekodi mwanga: wanakwenda hadi Brazili, kwenye misitu ya Amazon, na kurudi. Mzee alirudi kesho yake. Na kesho kutwa. Wiki nzima ratiba yetu ikawa ya yule kifaranga: saa ya chakula chake, saa ya kujinyoosha mbawa. Mwenye ramani ya majimbo mlangoni alipita hapo pia, akapiga picha ya maji, akaondoka baada ya dakika kama kumi. Simlaumu. Alikuwa na nafasi Utah iliyokwishalipiwa.

Jioni tunakwenda kwenye mabwawa ya chemchemi za maji moto, mlangoni mwa mji, yaliyofunguliwa mwaka 1927. Maji yanatoka ardhini na hayana salfa, kwa hiyo hayanuki yai bovu kama chemchemi nyingine nyingi. Kuna bwawa la vugu vugu la watoto na la moto la wazee, na kwenye hilo la moto utawakuta wastaafu wamezama hadi shingoni, wamepanga mstari ukutani, wakizungumzia magoti, bei ya dizeli na watoto wasiopiga simu. Habari zote za Ouray nimezipata humo: kambi ipi ina majirani wenye jenereta, dubu gani kafungua pipa la taka la nani, njia ipi imefungwa na matope. Mtu anayepita Ouray kwa usiku mmoja anaoga humo pia, lakini anaoga tu.

Ukitaka kuja, nafasi za kambi za serikali na za jimbo hufunguliwa miezi sita kabla, na za Julai huisha haraka. Septemba ni bora: watoto wamerudi shule, miti ya aspeni imegeuka njano, radi zimepungua. Usiku ni baridi, na lazima umwage maji ya mpira wa nje kabla ya kulala ili yasigande. Siku mbili za mwanzo pumzikeni, mnywe maji, msipande kitu. Kichwa kitauma kidogo, usingizi utakuwa wa vipande vipande, halafu mwili unazoea.

Mzee sasa ameanza kutazama matangazo ya magari-nyumba ya daraja B, yale madogo kama gari la kusambaza mkate, mengine hayazidi futi 22. Ananiletea picha mezani kila asubuhi. "Mama, na hili tungepanda hadi Silverton bila wasiwasi. Hata East Portal tungeshuka nalo." Nikamuuliza, tukishafika Silverton tutafanya nini? Akafikiri.

"Tutaegesha," akasema.